Zamu ya Jina: Wakwe na Usomo katika Utoaji wa Majina ya Watoto



Ugomvi wa wakwe kuhusu jina la mtoto mchanga huchukuliwa mara nyingi kuwa jambo la ndani ya nyumba, lisilowahusu wanaisimu. Mhadhara huu unadai kinyume chake. Kinachogombewa si uzuri wa neno bali ni nafasi katika mfumo, na mifumo ndiyo kazi ya isimu.

Mfano ulio bayana ni wa Wakikuyu wa Kenya, ambao Jomo Kenyatta aliueleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya (1938). Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa la bibi mzaa baba, na wa pili la bibi mzaa mama. Wanaofuata hupewa majina ya ndugu za wazazi kwa zamu, upande huu na upande ule. Babu hangoji kufa ndipo mjukuu aitwe kwa jina lake. Huweza kumwona somo wake akitambaa uani. Naye mama mwenye mtoto aliyepewa jina la baba yake humwita mtoto huyo "baba", na hilo si utani.

Mfumo huu ulikua katika nyumba zenye watoto wengi. Utafiti wa uzazi wa mwaka 1977/78 ulikadiria wastani wa watoto 8 kwa kila mwanamke nchini Kenya. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 3.4. Basi hesabu ndiyo iletayo ugomvi. Nyumba yenye mabinti wawili imempa kila bibi somo. Lakini nyumba yenye mvulana mmoja na msichana mmoja, ambayo wengi huiona imekamilika, imeyatoa majina yote mawili kwa upande wa mume. Wazazi wa mke hawakudhulumiwa na mtu. Zamu yao haikufika. Mke akiomba binti aitwe kwa jina la mama yake, mama mkwe hulalamika kwamba mila inavunjwa. Mke hujibu kwamba mila haikupata kusema watoto wakome wawili. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana usuluhishi huwa mgumu.

Katika Uswahili wa Pwani hakuna zamu ya namna hiyo. Jina hutolewa, aghalabu siku ya saba pamoja na akika, kisha hufuatwa na la baba na la babu. Kwa kuwa ukoo wa mume umekwisha kupata sehemu yake, mtu angetarajia jina la kwanza liachiwe upande wa mama. Haiwi hivyo kila mara. Pwani hutatua jambo hilo kwa majina mawili: la cheti na la nyumbani. Kuliita hili la pili lakabu ni kosa. Lakabu humsifu au humdhihaki mwenyewe. Jina la nyumbani huweza kuwa la bibi aliye hai, mwenye haki ya kuitikiwa. Kwa hiyo shuleni mtoto huitwa jina moja, kwa bibi yake jingine, naye huyaitikia yote mawili kabla hajajua kuandika hata moja.