Kutetemeka si Uzee Tu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya ugonjwa wa Parkinson, na nadhani sababu mnaiona. Mkono wangu huu wa kulia unatetemeka kwa ajili ya ugonjwa huo, wala si kwa woga wa kusimama mbele yenu.

Jina hilo ni la daktari James Parkinson wa London, aliyeueleza ugonjwa huu katika kijitabu mwaka 1817. Kwetu wengi huuita uzee; wengine husema mtu karogwa. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Kati ya watu zaidi ya 160,000 walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa wanaumwa nini. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa.

Ndani kabisa ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda kwa wepesi. Katika ugonjwa huu seli hizo hufa kidogo kidogo, na mpaka mkono uanze kutetemeka, sehemu kubwa yake imekwisha potea.

Je, zinauawa na nini? Mwiba ukikuchoma, kidole huvimba, huwa cha moto, kisha hupona. Huo ndio mchochota, nao ni kinga ya mwili. Ubongo pia una askari wake, seli ziitwazo maikroglia. Kwa mgonjwa wa Parkinson, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikusanya mabonge ndani ya seli. Askari huamka, lakini badala ya kumaliza kazi na kutulia, huendelea kumwaga kemikali zinazodhuru hata seli nzima. Mwaka 1988 watafiti wa Kanada walieleza jinsi walivyowakuta askari hao wameamka katika bongo za wagonjwa waliofariki. Kama mchochota ndio unaoanzisha ugonjwa au unauchochea tu, wataalamu wangali wanabishana.

Na uzee je? Umri huongeza hatari, maana seli za mzee hupungukiwa nguvu na husafisha taka zake polepole. Lakini wazee wengi hufika miaka 90 bila ugonjwa huu, na wapo waliougua kabla ya miaka 50.

Mfupa ukivunjika huunga. Seli hizi zikifa, hazirudi zenyewe. Dawa iitwayo levodopa, inayotumika tangu miaka ya 1960, hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo. Nikiimeza asubuhi, baada ya muda nafunga vifungo vya shati langu mwenyewe. Hata hivyo haifufui seli. Mwaka 2025 watafiti wa Kyoto, Japani, walitoa taarifa ya kupandikiza seli mpya katika ubongo wa wagonjwa 7. Seli hizo ziliishi na kutoa dopamini. Hayo ni matumaini, bado si tiba ya kila mtu.

Vijana, ule upupu unaowawasha shambani una levodopa ya asili katika mbegu zake. Lakini msimpimie babu dawa kwa kijiko cha jikoni. Kipimo chake ni kazi ya daktari.

Ombi langu ni hili. Mzee akianza kuburuta mguu, mwandiko wake ukawa mdogo, sauti ikafifia, au mkono ukatetemeka akiwa ametulia, mpelekeni hospitali. Si kila atetemekaye ana Parkinson, na si kila mwenye Parkinson hutetemeka. Daktari ndiye atakayepambanua. Akipewa dawa, asiikatishe ghafula. Atembee na kufanya mazoezi, kwani humsaidia sana.

Nanyi mnaosoma sayansi: mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia seli hizi zisife. Swali hilo lingali wazi, nami ningefurahi sana likijibiwa na mtu aliyeanzia katika maabara yetu hii.