Taarab Asilia ni Ipi?



Kila tukipiga taarab ya kisasa hapa redioni, haupiti muda simu zinalia: hiyo si taarab, tuwekeeni asilia. Mimi asilia naipenda mno. Kwa sababu hiyo leo naomba tuifuate mpaka ilikotoka.

Sultani Barghash aliitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Wazee wanasimulia kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na aliporejea, ikulu ikapata burudani yake. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama chao, Ikhwani Safaa. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Muuza samaki hakuwa na lake pale.

Kisha akaja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika nyumba ya wafinyanzi, akazunguka mjini kuuza vyungu na kuvinadi kwa sauti iliyowafanya watu wamgeukie. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Akaimba Kiswahili, tena Kiswahili cha Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida wa mjini, kuhusu mambo ya hukohuko. Upo wimbo wa Kijiti: mwanamke mgeni aliuawa na mwanamume aliyetoka naye usiku, mwanamume akavuka bahari akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliofuatana nao kwenye matembezi yale. Mahakama ilikwisha kusema lake. Siti akasema la watu.

Kwa kipimo cha ikulu, basi, Siti ndiye aliyeiharibu taarab. Leo hii ndiye asilia yenyewe!

Mambo hayakuishia hapo. Fidla na akodiani zilitoka Ulaya. Kule Mombasa, mwimbaji Juma Bhalo alizivisha tuni za filamu za Kihindi mashairi ya Kiswahili safi, na hadi leo wenyeji wa pwani wanamwita wao. Miaka ya 1990 kikundi cha East African Melody kikaja na kinanda cha umeme, na kule Dar es Salaam vikundi vya TOT na Muungano vikarushiana mipasho mpaka mji ukagawanyika. Hapo ndipo neno "asilia" likashika kasi, kwa kuwa sasa palikuwa na kitu cha kulitenga nacho.

Nawaambieni ninavyoona mimi. Kinanda hakinisumbui. Mipasho nayo, ingawa wengi wetu tunaibeza, imekaa karibu na Siti kuliko tunavyokubali: inamlenga mtu anayejulikana, kwa jambo linalojulikana, na mlengwa mara nyingine yumo humohumo ukumbini.

Kinachoniuma ni pleibeki. Katika taarab mama anainuka na noti mkononi, anakwenda kutunza pale ubeti unapomgusa yeye au unapomgusa hasimu wake. Mwimbaji anamwona, anaurudia ubeti, anauvuta, na wapigaji wanamngojea. Ndiyo taarab hiyo! Ukiweka wimbo uliokwisha kurekodiwa, mwimbaji akabaki kuchezesha midomo, yule mama atatunza huku ubeti wake umeshapita. Mashine haimngojei mtu. Tamasha la Sauti za Busara, tangu lilipoanza mwaka 2004, limeshikilia kwamba wanamuziki wapige laivu jukwaani, nami nalishukuru kwa hilo.

Zamani hata kurekodi kwenyewe kulikuwa laivu: mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu, na kukosea hakukuwa na dawa ila kuanza upya, wote pamoja. Mbaruk, aliyekuwa haoni, alishika fidla. Subeti alishika udi. Sikilizeni namna fidla inavyomsubiri Siti amalize neno, kisha ndipo inapomjibu.

Fundi wetu, tuwekee.