Mwalimu Adriano Atiman wa Karema: Hotuba kwa Wakristo na Walimu wa Bukundi

Wapenzi Wakristo wa Bukundi, nanyi walimu wenzetu wa vigango,

Katika siku hizi za jubilei twataka kuwakumbusha habari za mwalimu mmoja ambaye hakukaa Usukuma. Hata hivyo yatupasa kumjua, maana kazi yake ndiyo kazi yetu. Tena alifariki mwaka 1956, mwaka uleule Jimbo la Shinyanga lilipoanzishwa. Jina lake ni Adriano Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo sasa Mali. Angali mtoto aliibwa, akauzwa utumwani, akapitishwa katika jangwa la Sahara. Huko Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe, wakamkomboa kwa fedha, wakampeleka Algiers asome. Baadaye Kardinali Lavigerie akampeleka katika kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, wajifunze utabibu. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja huku. Akavuka bahari, kisha akaifuata njia ya misafara kutoka pwani mpaka Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akafika mwaka 1889.

Mtu aliyeona jangwa, bahari na miji ya ng'ambo angaliweza kusema, “Elimu yangu ni kubwa kuliko mahali hapa.” Yeye hakuondoka. Alikaa Karema miaka 67, akitibu wagonjwa na kufundisha dini, hata siku ya kufa kwake. Alioa huko, na mwanawe Yosefu akapata upadre mwaka 1923.

Wala hakudhani kwamba amekwisha kusoma. Dawa za Ulaya alizijua, lakini alitaka kuijua na mizizi na majani waliyotumia wenyeji. Aliyefundishwa Malta alikubali kufundishwa tena na wazee wa kijiji. Na katika uzee wake aliandika habari za maisha yake, zikapigwa chapa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Basi, walimu wenzetu, na tuseme kweli. Mara nyingi, jua likiisha kuunguza mtama na pamba ikikosa bei, tumekaa chini ya mti tukiulizana, “Elimu yetu imetupatia nini? Wenzetu tuliosoma nao wana nyumba za bati mjini, na sisi twaazima baiskeli ili tufike kigangoni.” Wengine wetu wameacha kazi hii. Hatuwahukumu, kwa kuwa watoto wao walikuwa na njaa. Lakini swali lile lingali mbele yetu.

Twaona kwamba maisha ya Atiman yanalijibu. Mtoto wa utumwani hana cha kulipa. Kusoma kwake kulilipiwa na wengine. Mtu wa namna hiyo akiiona elimu kuwa mali yake, ataiuza penye bei kubwa. Akiiona kuwa deni, atatafuta wa kuwalipa, na Atiman aliwalipa wagonjwa wa Karema. Je, sisi tulijisomesha wenyewe? Yuko mama aliyeuza kuku ili tupate kalamu. Yuko mzee aliyechunga ng'ombe peke yake ili sisi tukae darasani. Hao ndio wanaotudai.

Nanyi Wakristo, msiyasikie haya mkasema, “Kumbe mwalimu mwema ni yule asiyekula.” Maisha ya kiasi ni sadaka ya mwalimu mwenyewe, si ruhusa kwenu ya kumsahau. Mkivuna, kumbukeni debe la mtama kwa mwalimu wa kigango. Paa la nyumba yake likivuja, msingoje aombe. Tena msimwambie mtoto, “Soma upate kuondoka Bukundi.” Mwambieni, “Soma, upate kufaa mahali utakapokaa.” Maana Atiman alikwenda mbali kuliko sisi sote, na safari zake hazikumfanya awe mgeni kwa wagonjwa wake.

Mungu ampe raha ya milele, na sisi atupe moyo wa kukaa na watu wetu.