Kabla ya Mui Kuchimbwa, Gesi Ipimwe

Wageni wanaokuja hapa Isecheno kuona msitu wetu wa Kakamega hupandishwa kilima cha Lirhanda, na huko huonyeshwa handaki la zamani la dhahabu ambalo siku hizi ni makao ya popo. Ni alama ya ile enzi ya dhahabu ya miaka ya 1930. Wachimbaji wetu wanajua kwa uzoefu kwamba dhahabu hufuata mahali ambapo mwamba ulipasuka na kukunjwa zamani. Leo nazungumzia mwamba mwingine uliokunjwa, yaani makaa ya mawe. Humo, misukosuko hiyo hiyo ya ardhi huacha gesi ya methani imefungiwa, na gesi hiyo imeua maelfu ya watu duniani.

Nayasema haya hapa kwetu kwa sababu vijana wa Kakamega ni watu wa kuchimba. Bonde la Mui kule Kitui lilitobolewa, na zaidi ya tani milioni 400 za makaa zikatangazwa katika kitalu kimoja tu. Siku kazi itakapofunguliwa huko, vijana wetu hawatakosa kufunga safari.

Wengi hudhani gesi hukaa ndani ya makaa kama hewa iliyojaa shimoni. Sivyo ilivyo. Makaa ya mawe yana vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na sehemu kubwa ya methani imenata kwenye kuta za vitundu hivyo kwa sababu ya shinikizo. Kiasi kidogo tu ndicho kinachoelea huru kwenye nyufa. Mchimbaji akifungua njia, shinikizo hupungua, gesi hubanduka na kuanza kutoka. Katika tabaka la makaa ambalo halikuvurugwa, hutoka polepole kupitia nyufa, na feni za mgodi huiondoa.

Tatizo ni tabaka lililobanwa, likakunjwa na kusagika. Hebu fikiria punje ya mahindi. Ukiisaga, unga wake una uso mpana zaidi wa kunasa kitu kuliko punje nzima. Lakini unga huo ukishindiliwa guniani, hewa haipiti. Makaa yaliyosagika yako hivyo hivyo: yanashika gesi nyingi, na gesi hiyo haina pa kutokea. Juu ya hayo, makaa yenyewe hayana nguvu, ukiyashika yanavunjika kwa vidole.

Sasa mchimbaji anasogea. Ukuta uliobaki kati yake na tabaka hilo unazidi kuwa mwembamba, hadi unashindwa. Makaa na gesi humwagika kwa pamoja, mamia ya tani kwa sekunde chache. Dalili huwapo kabla ya hapo. Ukuta hulia na kupasuka-pasuka. Makaa huwa baridi, maana gesi inayobanduka hunyonya joto. Mtambo wa kutoboa hukwama, na tundu lake hupuliza vumbi. Aliyefundishwa dalili hizi hutoka mbio. Asiyefundishwa huendelea na kazi, na hilo ndilo linaloniuma.

Tarehe 20 Oktoba 2004, katika mgodi wa Daping mkoani Henan, China, tabaka la namna hiyo liliachia. Gesi ilienea kwenye njia za hewa, na nusu saa hivi baadaye ikawaka. Watu 148 walikufa. Karibu na kwetu zaidi, tarehe 6 Juni 1972, mlipuko katika mgodi wa Wankie, nchini Zimbabwe ya leo, uliua watu 427. Wengi wao hawakutolewa hata maiti, mgodi ukafungwa wakiwa humo humo.

China imejifunza kwa machozi, na leo ina kipimo. Tabaka likiwa na mita za ujazo 8 za gesi kwa kila tani ya makaa, au shinikizo lake likifika megapaskali 0.74, huhesabiwa kuwa la hatari. Kabla ya kulichimba, hutobolewa matundu mengi, gesi ikanyonywa kwanza kwa miezi. Ni kazi ghali na ya polepole, lakini inawezekana.

Ndugu zangu wa mashimo ya dhahabu, hapa nawaomba msikie vizuri. Shimo la dhahabu lina hewa mbaya ya aina yake. Oksijeni hupungua, na injini ya kuvuta maji ikiwashwa ndani hutoa gesi isiyo na harufu inayoua. Wapo wanaoshusha mshumaa kupima kama hewa ipo. Mazoea hayo msiyapeleke kwenye makaa ya mawe. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, mwali mmoja unatosha kuilipua. Tena ni nyepesi, hukusanyika juu, kwenye dari, wakati wewe umeinama chini ukichimba.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawapa wananchi wa eneo la mgodi asilimia 10 ya mrabaha, na kila baraza watu huuliza habari ya fedha hizo. Ni haki yao. Lakini tani zinatangazwa kwa sauti kubwa, na mimi nasema kiasi cha gesi nacho kitangazwe kwa sauti hiyo hiyo, kwa Kiswahili na Kikamba, kabla ya jembe la kwanza. Wizara ya Madini iwaambie watu wa Mui kila tani ina gesi kiasi gani, ni wapi tabaka limesagika, na nani atapima hewa kila zamu. Nawe kijana wa Isecheno, ukiitwa kazini huko, uliza hayo matatu kwanza, halafu ndipo uulize mshahara.