Sheria za Nchi Yetu
Maneno yaliyosemwa mbele ya wandugu wa Bukavu



Wakati wa Wabelgiji hukumu ilikuwa na milango miwili. Mzungu alihukumiwa na majaji wake kwa sheria iliyoandikwa. Daawa za mweusi na mweusi mwenzake, kwa dekreti ya 15 Aprili 1926, zilikwenda kwenye mabaraza ya wenyeji, na mkubwa wa serikali aliyasimamia.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Bendera ya Ubelgiji ilishuka, lakini kitabu cha adhabu cha 30 Januari 1940 kilibaki mezani. Kimerekebishwa, kama mwaka 2006 juu ya ubakaji, lakini hadi leo ndicho msingi.

Tusimlaumu mgeni peke yake. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 tuliiandika wenyewe, nayo ilimtaka mke aombe ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mapatano ya kazi. Sharti hilo tuliliondoa mwaka 2016 tu.

Basi, wandugu, tudai sheria zisomwe kwetu kwa lugha tunazozielewa. Sheria asiyoijua mwenye nchi ingali ya mgeni.