Boti Iliyokunywa Maji

Wiki iliyopita tulijifunza kupima kwa kilo na gramu, na wengine wakauliza vipimo hivyo vitawafaa nini. Leo mtaona. Fungueni madaftari.

Mvuvi mmoja wa mtaani kwetu alinunua boti kuukuu ya faiba. Rangi yake ilikuwa mpya, inang'aa. Lakini kila alipoongeza mwendo, mashine ilitikisika kama jino bovu, na ufukweni boti ilikuwa nzito mno kuisukuma. Akataka kuipaka rangi tena. Fundi akamwambia, "Bwana, ugonjwa uko ndani. Ukienda nayo mbali, mashine itang'oka na ubao wake, nawe utabaki na tundu nyuma."

Je, ugonjwa huo ni nini? Faiba yenyewe haiozi. Ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa rezini. Lakini ndani ya boti nyingi za zamani mna mbao: ubao wa tezi unaobeba mashine, na mbao za urefu zilizo chini ya sakafu. Zimefunikwa kwa faiba, hivyo hazionekani. Tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri latosha. Maji huingia kidogo kidogo, hayapati njia ya kutoka, na ubao huoza gizani. Boti nyingine zina povu gumu la kuzisaidia kuelea. Nalo likikaa katika maji miaka mingi hunywa maji.

Sasa andikeni: lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Boti iliyokunywa lita 100 imebeba kilo 100. Hilo ni kama gunia la mahindi lisiloshuka pwani kamwe, na petroli ya kulibeba huilipa wewe.

Basi tufuate kazi hatua kwa hatua.

Kwanza, gonga boti yote kwa nyundo ndogo. Penye uzima hulia kwa sauti kali. Penye ubovu sauti ni nzito, imekufa. Hapo toboa tundu dogo kwa keekee, kutoka ndani. Unga ukitoka mweusi na umelowa, ubao umeoza.

Pili, weka boti chini ya banda, juu ya magogo yanayoishika sawasawa, isije ikapinda. Kata faiba ya ndani, uache ya nje nzima. Chokoa ubao wote mbovu na povu lililolowa. Tunza vipande vikubwa viwe kipimo cha ubao mpya.

Tatu, kausha. Hapa ndipo wengi hukosa, kwa sababu njaa haingoji. Lakini ukifunika maji umeyazika hai, nayo yatafanya kazi ile ile tena. Bandika kipande cha nailoni, ukizibe kingo zote, ukiache siku moja. Ukikuta matone chini yake, ngoja bado. Huenda ukangoja wiki kadhaa.

Nne, piga msasa mpaka mng'ao wote uishe. Kata plaiwudi ya baharini kwa unene wa ubao wa zamani. Ipake rezini pande zote, hasa kingo, kwani ndipo inaponywea maji. Ibandike kwa rezini iliyochanganywa na unga wake mpaka iwe nzito, uibane kwa jiliwa. Jaza pembe ziwe za mviringo, maana nyuzi za kioo hazikubali kona kali. Kisha tandaza mikeka ya nyuzi, kila mkeka upite kidogo ule wa chini yake.

Tano, matundu ya boliti. Toboa tundu kubwa kuliko boliti, ulijaze rezini nzito, likauke, kisha utoboe tena katikati kwa kipimo cha boliti. Hivyo maji hayataufikia ubao.

Sasa ile hesabu. Rezini ya boti hizi huganda kwa dawa. Soma kibandiko cha kopo kabla ya kufungua. Kikisema asilimia 1, ni gramu 10 kwa kila kilo 1. Ikipungua mno, rezini haigandi vizuri. Ikizidi, huchemka mikononi mwako. Changanya kidogo kidogo, kwani joto la kwetu huiharakisha.

Sikilizeni sana. Dawa hiyo ni nyeupe kama maji, na yaweza kupofusha. Usiitie kamwe katika chupa ya soda, mtoto asije akainywa. Vaa miwani, glavu na kinyago cha pua. Fanya kazi penye upepo, pasipo sigara wala moto. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 au zaidi, uende hospitali mara moja.

Yule mvuvi alikosa msimu mzima. Lakini siku ya kushusha boti, fundi aliigonga tena toka omo hadi tezi, nayo ikalia sauti moja. Ndipo alipotia mashine.

Kwa herini mpaka wiki ijayo.

Maneno ya kusoma: tezi, omo, keekee, jiliwa, kibandiko.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini boti yenye rangi nzuri yaweza kuwa mbovu?
2. Utajuaje kwamba boti imekauka?
3. Kibandiko kinasema asilimia 2. Una rezini kilo 3. Utatia gramu ngapi za dawa?