Sindano Mbili na Donge la Uzi: Mazungumzo Kuhusu Starehe ya Kufuma



Mazungumzo ya huduma za kata huanza kwa kawaida na maji, barabara, zahanati na madarasa. Ya leo yanahusu jambo dogo zaidi, nalo ni kufuma: si kufuma kwa kiwanda wala kwa mradi, bali kwa mtu aliyeketi barazani pake jioni na donge la uzi mapajani, anayefuma kwa sababu tu anapenda.

Kazi hii si ngeni hapa. Ni sebule chache zisizo na kitambaa cha kroshia juu ya mgongo wa kochi, juu ya meza au juu ya redio, na bibi harusi wengi wameingia kwao na furushi la vitambaa vilivyofumwa na shangazi au rafiki. Kroshia hutumia kulabu moja, na kila kitanzi humalizwa kabla ya kingine kuanza. Kufuma kwa sindano mbili ni tofauti: vitanzi vyote vya mstari hukaa sindanoni vikisubiri zamu yao, kimoja baada ya kingine vikihamia sindano ya pili. Pale ambapo sindano za dukani hazikupatikana, wengi walijifunzia kwenye spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha juu ya jiwe, na sweta zao zilitoka sawa na za wengine.

Anayetazama kwa mbali huona mikono inayorudia jambo lilelile na kudhani kuna uchovu hapo. Ukweli ni kinyume chake. Kufuma kote kuna mishono miwili tu ya msingi: ule ambao uzi hukaa nyuma ya kazi, na ule ambao uzi hukaa mbele yake. Mshono wa kwanza ukifumwa upande mmoja na wa pili upande wa nyuma, hupatikana kitambaa laini chenye tabia ya kujikunja kingoni. Mishono hiyo ikipishana katika mstari mmoja, miwili hivi, miwili vile, hupatikana ile mistari inayovutika ya mikononi na kiunoni mwa sweta, ambayo hutanuka mkono ukipita kisha hurudi mahali pake. Hakuna mpira ndani yake. Ni mpangilio wa vitanzi tu. Mtu akiligundua hilo kwa mikono yake mwenyewe, hupata furaha ambayo ni vigumu kuieleza kwa asiyewahi kushika sindano.

Kuna pia starehe ya kuhesabu. Vidole vinapohesabu vitanzi themanini, akili haina nafasi ya kuhesabu madeni. Kerende ni jirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, na siku za watu wengi hukatwa vipande na zamu, shamba, mifugo na safari za sokoni. Kufuma hukubaliana na maisha ya namna hiyo, kwa kuwa huweza kusimamishwa wakati wowote: mstari humalizwa, sindano huwekwa kikapuni, sufuria hugeuzwa jikoni, kisha kazi huendelea palepale ilipoachwa. Si kazi nyingi za nyumbani zinazomsubiri mtu kwa uvumilivu kiasi hicho.

Tena kosa katika kufuma lina dawa. Fundi wa mbao akikosea kukata, ubao umekwenda. Anayefuma akikosea hufumua. Huchomoa sindano, huvuta uzi, mistari huachia mmoja mmoja, na uzi hurudi kuwa donge kama ulivyokuwa. Lugha yenyewe imeliweka jambo hili vizuri: kufuma na kufumua ni maneno ndugu.

Kwa sababu hiyohiyo, gharama ya kuanza si lazima iwe kubwa. Sweta ya mtumba iliyotoboka kiwiko bado ina uzi mwingi mzuri. Kabla ya kuinunua kwa ajili ya kuifumua, igeuzwe ndani na kutazamwa mishono ya ubavuni. Ikiwa vipande vyake vimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa ovaloki, iachwe, maana uzi utatoka vipande vifupi vifupi. Ikiwa kingo zake zimefumwa hadi mwisho, uzi utatoka mrefu, kipande kizima kwa mara moja. Uzi huo huwa na mawimbi. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa mahali pachache, huoshwa na kuanikwa ukiwa umening'inizwa kitu kizito kidogo, nao hunyooka.

Lipo swali linaloulizwa kwa kunong'ona zaidi kuliko kwa sauti: je, mwanamume afume? Historia inajibu bila haya. Wachungaji wa kondoo wa Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika karne ya 19 walikuwa wakisimama juu ya mironjo, yaani magongo marefu yaliyofungwa miguuni, ili wavuke nyika yenye majimaji na kuona kundi lote; na wakiwa huko juu walifuma soksi. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia za sufu, na wavulana hujifunza wakiwa wadogo. Sanaa ya nguo ya kisiwa hicho imo katika orodha ya urithi ya UNESCO. Mchungaji wa Kerende aliyesimama mchana kutwa nyuma ya ng'ombe ana muda uleule na mikono ileile. Anayemcheka kijana wa kiume kwa kushika sindano anacheka kitu ambacho wachungaji wenzake wa mbali walikifanya bila kupungukiwa na lolote.

Hapa inafaa kusemwa jambo ambalo vikao vya kata hulipita haraka. Kila burudani ya mikono ikionekana, mara moja husemwa: undeni kikundi, ombeni mkopo. Mikopo ipo, nayo ni haki ya wananchi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimama mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuulizwa utaratibu. Lakini sweta ya mtu mzima iliyofumwa kwa mkono huchukua makumi ya saa, na mnada una rundo la sweta za mitumba kwa bei ambayo mfumaji hawezi kuifikia hata kama uzi angepewa bure. Biashara ya sweta za shule ni ya mashine, na mashine za kufuma si jambo la jana. Ya kwanza ilibuniwa Uingereza mwaka 1589. Kikundi kinachotaka kukopa kwa ajili ya kufuma kifanye hesabu hiyo kabla ya kutia saini, kwa sababu deni halifumuliwi. Yule anayefuma kwa kupenda hana hesabu ya kufanya. Faida yake ameipata tayari akiwa barazani.

Ipo hata hivyo kazi moja ndogo ambayo thamani yake haipimwi kwa bei ya mnadani, nayo ni kofia ya mtoto mchanga. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, akaushwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi na avikwe kofia. Aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 huhitaji joto hilo zaidi. Mzingo wa kichwa cha mtoto aliyetimia ni takriban sentimita 35, na kofia hufumwa ndogo kidogo kwa kuwa hutanuka. Isiwe na vifungo, shanga wala kamba za kufunga shingoni, na ioshwe kabla ya kuvaliwa. Jioni mbili au tatu humtosha hata anayejifunza.

Kwa anayeanza, vitanzi ishirini na uzi mnene wa rangi angavu vinatosha. Afume kipande cha mraba, akifumue, akifume tena mpaka kingo zinyooke. Uzi mweusi uachwe kwanza. Chini ya taa ya sola vitanzi vyake havionekani, na hata wafumaji wazoefu huuweka kando hadi mchana.